SOMO LA ROBO HII: Kunyanyua Mizigo Mizito kwa Kijiko cha Mbele cha Trekta Dogo



Sharika kadhaa za dayosisi yetu sasa zina trekta dogo. Baadhi ya matrekta hayo yamenunuliwa kwa michango ya washarika, na mengine yameletwa na sharika rafiki za ng'ambo. Ni matrekta ya nguvu farasi kati ya 20 na 50. Yanalima, yanavuta tela, na kwa mbele yana mikono miwili ya chuma iliyoshika kijiko. Kijiko hicho kimetuondolea kazi nyingi zilizokuwa zikivunja migongo ya watu: kupakia mchanga na kokoto, kuhamisha samadi, kushusha saruji, kusogeza mawe ya msingi.

Ni jambo la kushukuru. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilishauri kwamba mzigo wa kubebwa na mwanaume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Sisi tumezoea kumwona kijana akibeba gunia la kilo 100, na likiwa la lumbesa ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo somo hili halilengi kuwafanya watu waliogope trekta. Tunaliandika kwa sababu kijiko hicho hicho kinachookoa mgongo kinaweza kuua kwa dakika moja, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwapo siku kilipomvunja kijana mguu.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili kamati iweze:
- kueleza kwa nini trekta lenye mzigo mbele hunyanyuka nyuma au hulala ubavu;
- kukadiria uzito wa mzigo kabla ya kuunyanyua;
- kutengeneza uzito wa kufunga nyuma ya trekta;
- kuweka utaratibu wa kazi ambao dereva na vijana wataufuata.

1. Tukio lenyewe

Usharika mmoja wetu wa milimani, huku Nyanda za Juu Kusini, ulikuwa ukimalizia zahanati. Lori lilileta jenereta ndani ya sanduku la mbao. Pembeni mwa sanduku paliandikwa uzito wake, kilo 400 na ushee. Winchi haikuwapo, lakini trekta la usharika lilikuwapo. Tuliamua kulifunga sanduku kwa mnyororo kwenye ncha ya kijiko na kulishusha.

Dereva alipolinyanyua kidogo kutoka kwenye bodi ya lori alisimama akaniambia, "Mratibu, nyuma ni nyepesi." Nilimjibu, "Jaribu polepole." Lori lilikuwa la kukodi na mwenye lori alikuwa akidai muda wake.

Aliporudi nyuma na kukanyaga breki, magurudumu ya nyuma yaliachia ardhi. Vijana wanne wakakimbia, kila mmoja kwa moyo mwema, wakaparamia nyuma ya trekta ili wawe uzito. Nyuma ikashuka kwa kishindo. Mmoja wao, kijana wa kwaya, aliteleza na mguu wake ukabanwa kati ya mkono wa nyuma wa trekta na ardhi. Alikaa na hogo kwa miezi, na msimu ule shamba la mama yake lililimwa na majirani.

Katika kikao cha kamati kilichofuata mzee mmoja alisema kwamba ajali haina kinga. Nilinyamaza, lakini nilijua kuwa hii ilikuwa na kinga. Trekta lile lilipokuwa likiandaliwa kusafirishwa, orodha ya vifaa ilikuwa na mstari wa uzito wa kufunga nyuma. Bajeti ilipozidi, mstari huo ulikatwa. Aliyeukata ni mimi. Niliona ni chuma kizito kisichofanya kazi yoyote, tena kinaongeza gharama ya usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam.

2. Kwa nini trekta hunyanyuka nyuma

Wengi hudhani kwamba kama kijiko kina nguvu ya kuunyanyua mzigo, basi trekta linaweza kuubeba. Haya ni mambo mawili tofauti. Kinachonyanyua ni pampu ya mafuta ya haidroliki. Kinacholizuia trekta lisipinduke ni uzito ulioko nyuma. Pampu haijui kama nyuma kuna uzito au hakuna.

Kumbukeni mchezo wa watoto wa kupanda ubao juu ya gogo. Ekseli ya mbele ya trekta ndiyo gogo. Upande mmoja kuna mzigo, na upande mwingine kuna sehemu ya nyuma ya trekta. Kadiri mzigo unavyokaa mbali na gogo, ndivyo unavyozidi kuinua upande wa pili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Trekta pamoja na kijiko kitupu lina kilo 1,200. Kilo 600 zinakaliwa na magurudumu ya mbele na 600 ya nyuma. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6.

- Mzigo wa kilo 400 ukiwa mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele: 400 mara 1.2 ni 480. Gawanya kwa 1.6, unapata 300. Magurudumu ya nyuma yamepoteza kilo 300, na yamebakiwa na 300 tu.
- Mzigo ule ule ukining'inia kwenye ncha ya kijiko, mita 2 mbele ya ekseli: 400 mara 2 ni 800. Gawanya kwa 1.6, unapata 500. Nyuma zimebaki kilo 100.

Kwa kilo 100 hizo, mteremko mdogo tu au breki ya ghafla inatosha kuinua nyuma. Ndicho kilichotupata.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mikono ya kijiko ikipanda, mzigo hauendi juu moja kwa moja. Kwanza unasogea mbele hadi mikono inapokuwa imelala sawa, kisha unaanza kurudi. Umbali mkubwa kabisa uko katikati ya safari, na kwa matrekta mengi madogo hapo ni karibu na kimo cha bodi ya lori. Kwa hiyo kushusha mzigo kutoka kwenye lori ni kuunyanyua mahali ambapo trekta lina hatari zaidi ya kuinuka nyuma.

3. Kwa nini hulala ubavu

Ekseli ya mbele ya trekta dogo imefungwa kwa pini moja katikati, ili magurudumu yafuate mabonde na matuta. Kwa sababu hiyo mbele hakulizuii trekta kulala ubavu, mpaka ekseli ifike mwisho wa mchezo wake. Trekta linasimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini ya mbele.

Mzigo ukiwa mbele, uzito wote unasogea kuelekea kwenye ncha nyembamba ya kigoda. Mzigo ukiinuliwa juu, kigoda kinakuwa kirefu. Hapo gurudumu moja likiingia kwenye shimo, au dereva akikata kona kwa kasi, trekta linalala. Kijiko kikiwa chini, kosa hilo hilo huishia kwa kijiko kugusa ardhi na trekta kusimama.

4. Fahamu uzito kabla ya kunyanyua

Kila trekta lenye kijiko lina kitabu chake, na humo mtengenezaji ameandika uzito unaoruhusiwa. Someni kwa makini. Mara nyingi namba kubwa iliyoandikwa ni ya mzigo uliokaa kwenye pini zinazoshika kijiko. Mzigo ukiwa mbele ya pini hizo, ndani ya kijiko au juu ya uma, uwezo unapungua. Ukiinuliwa hadi juu kabisa unapungua tena. Kama kitabu kimepotea, kamati iandike kwa muuzaji au kwa wafadhili waliolileta trekta, wapate kingine.

Uzito wa mizigo ya kawaida ni huu:
- Mfuko mmoja wa saruji: kilo 50.
- Pipa la lita 200 lililojaa maji: kilo 200 za maji, na la chuma hufika karibu 220.
- Pipa la lita 200 la dizeli: karibu kilo 190 pamoja na pipa.
- Mchanga mkavu, mita moja ya ujazo: karibu kilo 1,600. Ukilowa hukaribia 2,000.
- Zege, mita moja ya ujazo: karibu kilo 2,400.
- Tangi la lita 1,000 lenye maji: zaidi ya kilo 1,000. Lisinyanyuliwe. Mwageni maji kwanza.

Kijiko cha robo mita ya ujazo kikijaa mchanga mkavu ni kilo 400. Baada ya mvua kijiko hicho hicho ni karibu 500. Dereva aliyezoea kazi ya kiangazi anaweza kushangazwa na masika. Na magunia yasihesabiwe kwa jina. Gunia linaloitwa la kilo 100 lipimwe kwenye mizani, kwa maana lumbesa haiandikwi ubavuni.

5. Uzito wa nyuma

Dawa ya kwanza ni uzito uliofungwa nyuma, kwenye mikono mitatu inayoshika jembe. Turudi kwenye hesabu yetu. Tukifunga kilo 300 nyuma, sentimita 80 kupita ekseli ya nyuma, zinakuwa mita 2.4 kutoka ekseli ya mbele. 300 mara 2.4 ni 720. Gawanya kwa 1.6, unapata 450. Kwa hiyo kilo 300 zimefanya kazi ya kilo 450 kwenye magurudumu ya nyuma, tena zimeipunguzia ekseli ya mbele mzigo wa kilo 150. Katika siku ile ya jenereta magurudumu ya nyuma yangekuwa na zaidi ya kilo 500 badala ya 100.

Uzito huu unaweza kutengenezwa hapa hapa. Chukueni pipa la chuma, likateni na kulijaza zege lita 125. Hizo ni kilo 300. Kabla ya kumwaga zege, fundi wa kuchomelea apitishe ndani chuma kinene chenye pini mbili za chini na moja ya juu, kwa vipimo vya trekta lenu, na kuvifunga kwa nondo. Zege iachwe ikomae kabla ya kunyanyuliwa. Saruji inayohitajika haifiki mfuko mmoja. Angalieni kitabu cha trekta kuhusu uzito wa juu unaoruhusiwa nyuma, msiuzidishe. Mtengenezaji akiruhusu, matairi ya nyuma yanaweza pia kujazwa maji kwa kiwango alichoandika.

Jembe au haro nzito iliyofungwa nyuma inasaidia pia, ilimradi uzito wake ujulikane. Lakini uzito wa nyuma haumpi dereva ruhusa ya kuzidisha mzigo mbele. Ekseli ya mbele na matairi yake bado yana mpaka wao.

6. Utaratibu wa kazi

Kabla ya kuwasha: angalieni upepo wa matairi, hasa ya mbele, pini zote, na mipira ya haidroliki. Mpira ukivuja msiutafute uvujaji kwa mkono. Mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi kama sindano. Tumieni kipande cha boksi. Mtu akipenywa na mafuta apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama tundu la mwiba.

Wakati wa kunyanyua: trekta likae mahali tambarare. Mzigo ukae ndani kabisa ya kijiko, katikati. Nyanyueni sentimita chache tu, simameni, na mpime: je, usukani umekuwa mzito? Je, nyuma imekuwa nyepesi? Dereva akisema nyuma ni nyepesi, mzigo unarudi chini. Hapo hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia ajaribu polepole, hata awe mchungaji, mwenyekiti wa kamati au mratibu kutoka dayosisi.

Wakati wa kutembea: mzigo uwe chini, usizuie macho ya dereva, na mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa miguu. Mzigo unainuliwa pale unapofika mahali pa kuuweka. Washeni uendeshaji wa magurudumu yote manne. Matrekta mengi madogo yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, na magurudumu hayo yakiwa mepesi breki haishiki. Magurudumu ya mbele yakiunganishwa nayo husaidia kulizuia trekta.

Kwenye mlima: mzigo uelekee upande wa juu daima. Pandeni kwa kwenda mbele, shukeni kwa kurudi nyuma. Msikate mteremko kwa ubavu.

Mizigo ya duara: kijiko kinapopanda huinama kuelekea kwa dereva, asipokirekebisha. Pipa au gogo linaweza kubingirika juu ya mikono na kumwangukia. Lifungwe, na kijiko kisawazishwe kadiri kinavyopanda.

Mwisho wa kazi: kijiko kishushwe hadi ardhini, breki ya kuegesha ifungwe, injini izimwe na ufunguo uondolewe. Kisha hendeli ya kijiko isogezwe huku na huku ili mgandamizo uliobaki uishe.

7. Mambo yasiyofanywa kamwe

- Mtu asipite wala kusimama chini ya kijiko kilichoinuliwa, hata injini ikiwa imezimwa.
- Mtu asipandishwe kwenye kijiko, iwe ni kupaka rangi kanisa au kuchuma maparachichi.
- Mtu asitumike kama uzito wa nyuma.
- Mnyororo usifungwe kwenye ncha au meno ya kijiko. Mzigo unaoning'inia huyumba na kulivuta trekta. Kama ni lazima kuning'iniza, pawe na ndoano iliyowekwa kwa kazi hiyo na mtengenezaji ameiruhusu. Vinginevyo kodini winchi.
- Kijiko kisiinuliwe karibu na nyaya za umeme.

Kuhusu fremu ya chuma iliyo nyuma ya kiti cha dereva: msiiondoe ili trekta lipite mlango wa stoo. Ndugu zetu wa Sweden waliamuru fremu hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya watu waliopindukiwa na trekta vilipungua sana nchini mwao. Fremu ikiwa imesimama, dereva afunge mkanda, ili trekta likipinduka abaki ndani ya kinga. Fremu ikiwa imelazwa au haipo, mkanda usifungwe, na kijiko kisinyanyue mzigo mzito mpaka fremu irudi mahali pake.

8. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda walio kazini. Usharika unaomwajiri dereva nao ni mwajiri. Mkono wa Torati nao ulitutangulia. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu anayejenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo ule hauongezi chumba wala haupambi nyumba. Kazi yake ni kumzuia mtu asianguke. Uzito wa nyuma ni ukingo wa namna hiyo.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa matrekta. Tunawaomba msishangae mkiona katika maombi yetu mistari isiyopendeza kupigwa picha: uzito wa nyuma, uma wa kunyanyulia, kitabu cha maelekezo, siku tatu za kumfundisha dereva. Trekta bila vitu hivyo halijakamilika. Bajeti ikizidi, tuambieni tupunguze jembe moja. Mstari wa usalama usiwe wa kwanza kukatwa, kama nilivyoukata mimi.

Maswali ya majadiliano katika kamati

1. Je, trekta letu lina uzito wa nyuma? Ni kilo ngapi, na nani aliupima?
2. Kitabu cha trekta kiko wapi, na dereva amekisoma?
3. Ni mzigo gani tunaounyanyua mara kwa mara bila kujua uzito wake?
4. Dereva wetu akikataa mzigo mbele ya wazee, atasikilizwa?
5. Trekta likipinduka leo, hospitali ya karibu iko umbali gani, na nani ana gari?

Hitimisho

Kijana wetu alipona, ingawa huchechemea kidogo siku za baridi. Bado anaimba kwaya. Pipa la zege sasa liko nyuma ya trekta lile, na yeye ndiye aliyechanganya zege yake pamoja na fundi. Nilipolipia saruji ile, muuza duka alinipa stakabadhi ya mfuko mmoja. Ninayo kwenye faili la mradi, ukurasa wa kwanza, ili kila nikifungua bajeti mpya niione kabla sijashika kalamu nyekundu.